Rafiki yangu ameacha kusali, na kikundi kinataka nimwache

Mama, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekaa usiku, watoto wamelala, nikuandikie na mimi. Ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, nina umri wa miaka 35, nimeolewa na nina watoto wawili. Nimekuwa Mkristo tangu utotoni, nimebatizwa na kupata kipaimara, na kwa miaka kumi na moja sasa nimo katika kikundi cha maombi cha akina mama ambacho hukutana kila Alhamisi jioni, kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wetu.

Shida yangu inamhusu rafiki ambaye hapa nitamwita Rehema, ingawa hilo si jina lake. Tulikutana tukiwa kidato cha kwanza mwaka 2004, bwenini, yeye akilala kitanda cha juu na mimi cha chini, na yeye ndiye aliyenifundisha kusali kwa maneno yangu mwenyewe badala ya kukariri. Tulipomaliza shule tulijifunza ushonaji pamoja, na tangu 2014 tumepanga fremu moja karibu na soko kuu. Tuna cherehani mbili na meza moja ya kukatia, kodi ya shilingi 180,000 kwa mwezi tunagawana nusu kwa nusu, na tuna mkopo wa vikoba ambao kila mmoja amemdhamini mwenzake.

Rehema alikuwa na binti mwenye selimundu. Mtoto alipofikisha miaka sita maumivu yalizidi, akawa analazwa kila baada ya wiki chache na kuongezewa damu. Mimi ndiye niliyempeleka Rehema kwenye mkutano wa maombezi uliokuwa ukisifiwa sana wakati ule. Mtoto aliwekewa mikono, ikatangazwa kwamba amepona, na Jumapili iliyofuata Rehema alipewa kipaza sauti akashuhudia mbele ya mkutano mzima. Siku ya kumi na tisa baada ya ushuhuda huo tulimzika mtoto. Hiyo ilikuwa Agosti 2021.

Hakugombana na mtu. Alihudhuria ibada Jumapili chache, akawa anaketi benchi la mwisho, kisha akaacha kuja. Karibu mwaka mzima hakunena lolote kuhusu Mungu, akawa anashona tu. Baadaye, kidogo kidogo, alianza kuzungumza tukiwa wawili dukani. Siku moja aliniambia, akiwa amekata uzi kwa meno na macho yake yako kwenye kitambaa, "Nilisimama nikamshuhudia Mungu kwa jambo ambalo hakulifanya. Sasa kati yangu na yeye, mwongo ni nani?" Siku nyingine alisema kwamba hajui binti yake yuko wapi, na kwamba wanaomwambia wanajua hawajui pia. Mama, sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Nisije nikamchafua. Rehema halewi, hana mambo ya ovyo, hakejeli kanisa. Kila Jumamosi jioni bado anapiga pasi majoho ya kwaya, yote ishirini na nne, bila kudai senti, kisha mimi ndiye ninayeyapeleka kanisani. Kwenye droo ya cherehani yake liko joho dogo alilomshonea binti yake kwa ajili ya kwaya ya watoto. Alikuwa ameliachia pindo la vidole vinne, kama tunavyofanya kwa nguo za watoto, ili mtoto akikua lifumuliwe na kurefushwa. Siku moja nilirudi dukani ghafla nikamkuta amelikunjua mezani, anapima lile pindo kwa futi ya kamba. Aliponiona alilikunja, akaniuliza kama nimekumbuka kununua vifungo.

Sasa kuhusu mimi mwenyewe. Imani yangu imekauka. Tangu mazishi yale sijahudhuria mkesha hata mmoja, kila mara napata kisingizio. Biblia naifungua nikafunga. Nikiwa kwenye kikundi nasali kwa sauti kubwa kama wenzangu, lakini ndani yangu najisikia kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama. Hili sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Rehema, ambaye alinyamaza, kisha akaniambia, "Usiache kwa sababu yangu."

Miezi miwili iliyopita, katikati ya maombi ya Alhamisi, mama mmoja alisema kwamba ameonyeshwa kamba nyeusi inayotoka kwenye cherehani ya Rehema hadi tumboni mwangu. Kiongozi wetu akafungua Maandiko yanayosema kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, na kwamba tusifungiwe nira pamoja na wasioamini. Wakaniambia nikate agano hilo, nihame fremu na nisiwe na mazoea naye tena, na wamenipa hadi mwisho wa mwaka. Nilipomweleza mume wangu alisema kikundi kina haki, kwani samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwamba hata yeye ameona nimebadilika.

Mama, ninaogopa. Ninaogopa kubaki nikampoteza Yesu, na ninaogopa kuondoka. Nikimwacha Rehema, nitamwambia sababu gani? Naomba unisaidie kufikiri.

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma huku nimeshika kalamu, nikipigia mstari tarehe. Kabla sijakueleza kwa nini, acha nirudie shida yako kwa maneno yangu ili uone kama nimekuelewa. Unaye rafiki wa zaidi ya miaka ishirini, aliyekujenga katika imani ukiwa msichana, ambaye baada ya kumzika mtoto wake ameshindwa kusali. Unacho kikundi kinachoamini kwamba yeye ndiye anayekausha moyo wako, na mume anayekubaliana nacho. Wewe mwenyewe unahofu kwamba ukibaki utaipoteza imani, na kwamba ukiondoka utapoteza kitu kingine ambacho katika barua yote hukukitaja kwa jina.

Nianze kwa kuwapa wenzako haki yao, maana si jambo la kupuuza wanalolisema. Mithali inatuambia kwamba anayekwenda na wenye hekima atakuwa na hekima, na rafiki wa wapumbavu ataumia, na sote tumewaona watu wakigeuzwa na marafiki pasipo wao kujua ni lini waligeuka. Augustino, askofu yule wa Afrika Kaskazini, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyekuwa akiyachukia mapigano ya watu ya kule Roma, akavutwa na wenzake hadi uwanjani, akakaa amefumba macho kwa kujiamini kwamba mwili wake uko pale lakini roho yake haipo. Aliyasahau masikio. Umati ulipopiga kelele alifumbua macho, na tangu saa hiyo akawa mpenzi wa mchezo ule kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba marafiki hawana uwezo wowote juu ya imani ya Mkristo, usimsadiki. Ila nakukumbusha pia kwamba huyo huyo Alipio ndiye aliyekuwa pamoja na Augustino katika bustani ya Milano mwaka 386, saa ambayo Augustino alimgeukia Mungu akilia. Masikio yale yale yanapitisha ya namna zote mbili.

Sasa tarehe. Unasema hujahudhuria mkesha tangu mazishi ya Agosti 2021. Unasema pia kwamba Rehema alikaa karibu mwaka mzima bila kunena lolote kuhusu Mungu. Zitazame sentensi hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja. Ukavu wako ulianza wakati rafiki yako yuko kimya kabisa, kabla swali lake la kwanza halijakufikia, na kama ni hivyo, huenda maneno yake hayakuleta ukame ndani yako. Huenda yaliukuta umeshaingia. Simaanishi kwamba hayakuuzidisha, hilo wewe ndiye unayeweza kulijua, lakini nakuomba usipokee haraka maelezo kwamba chanzo ni yeye, kwa sababu maelezo hayo yanakupa dawa iliyo rahisi kuandika na ngumu kumeza, na pengine si ya ugonjwa wako.

Ipo sentensi nyingine niliyoipigia mstari mara mbili. "Mimi ndiye niliyempeleka Rehema kwenye mkutano wa maombezi." Uliiandika, ukaipita mbio, na hukuirudia tena hadi mwisho wa barua. Mwanangu, sikushitaki, ulimpeleka kwa sababu ulimpenda yeye na mtoto wake, na nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, kwa hiyo kina mama wanaokimbia huku na huko na mtoto anayelia kwa maumivu ni wengi mno, na anayewashika mkono kuwapeleka popote wanapodhani pana nafuu hafanyi uovu. Lakini nakuuliza kwa upole: je, mliwahi kulizungumza jambo hilo, wewe na yeye? Je, yawezekana kwamba unapomsikia akiuliza mwongo ni nani, unasikia jina lako likiitwa pia? Mtu anayebeba hatia ambayo hajaitamka hushindwa kusali kwa namna hiyo hiyo uliyoieleza, ya kupiga hodi asikie hakuna mtu ndani. Naweza kuwa nimekosea. Kama nimekosea, liache.

Tuje kwenye Maandiko uliyosomewa, maana yalisomwa kwa nia njema na yanastahili kusomwa hadi mwisho. Maneno kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema yako katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, na ni msemo wa Kiyunani ambao Paulo aliuchukua kwa sababu wasomaji wake walikuwa wakiujua. Jambo analolijibu katika sura hiyo nzima ni kwamba wamo watu, tena ndani ya kanisa lenyewe, waliokuwa wakisema hakuna ufufuo wa wafu. Kwa hiyo mazungumzo anayoyaonya hayakuwa ya watu wa vilabuni peke yao. Hapo nitakuwa mkweli kwako hata kama unyofu huu haukupunguzii mzigo: Rehema anaposema hajui binti yake yuko wapi, ameligusa swali lile lile la sura ya 15, na kusikia swali hilo kila siku kwa miaka, huku mkono uko kwenye gurudumu la cherehani, si jambo dogo kwa imani ya mtu yeyote. Hata hivyo iko tofauti kubwa kati ya mtu anayefundisha kwamba wafu hawafufuki na mama anayeuliza mtoto wake yuko wapi. Wa kwanza anafunga mlango, na wa pili bado anabisha.

Kuhusu nira, Paulo anasema tusifungiwe pamoja na wasioamini kwa jinsi isivyo sawasawa, akiwa na picha ya ng'ombe wawili wanaovuta jembe moja. Mtu anaweza kukuuliza kwa haki kama kodi ya pamoja na mkopo wa kudhaminiana si nira, na hilo ni swali la kujibiwa. Lakini Paulo huyo huyo, akiwaandikia watu wale wale, anaeleza kwamba alipowakataza kuchangamana na watenda maovu hakuwa na maana ya watu wa dunia hii, kwa sababu hapo ingewalazimu watoke duniani, na anamwambia Mkristo aliyeolewa na asiyeamini kwamba asimwache ikiwa mwenzake anakubali kukaa naye. Na je, nani amethibitisha kwamba Rehema ni miongoni mwa "wasioamini"? Mtu asiyeamini kitu chochote hapigi pasi majoho ishirini na manne kila Jumamosi. Mimi sijui jina la kumpa, na sidhani kama ni lazima apewe.

Ile kamba nyeusi siwezi kuisemea, kwani sikuwapo, na si kazi yangu kumwambia mama wa watu kwamba hakuona alichokiona. Ninachojua ni kwamba waraka wa kwanza kwa Wathesalonike unatuagiza mambo mawili kwa pumzi moja: tusitweze unabii, na tujaribu mambo yote. Kulipima neno uliloambiwa si uasi. Ni sehemu ya kulipokea. Nami kidogo nimesikitika, nalisema hili kama mzee, kwamba lilipewa tarehe ya mwisho kama bili ya maji.

Kitu kilichonikalia zaidi ni hiki. Katika barua yako unamwita Rehema "rafiki" na unawaita akina mama wale "kikundi", kana kwamba urafiki unaogusa imani yako ni mmoja tu. Lakini hao nao ni marafiki zako, wa miaka kumi na moja, na wao pia wamekufundisha kitu. Nakuomba ujiulize ni kitu gani. Unaniambia kwamba mbele yao unasali kwa sauti kubwa wakati ndani yako pamekauka, na kwamba mtu pekee aliyewahi kuusikia ukweli huo ni yule ambaye unatakiwa umwache, tena jibu lake lilikuwa "Usiache kwa sababu yangu." Simtetei Rehema wala siwalaumu wenzako, maana hawawezi kujibu jambo ambalo hawajawahi kuambiwa, na pengine ukiwaambia watakushangaza. Nasema tu kwamba mpaka sasa hukuwapa nafasi, na pengine kuna sababu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mlokole wa kule Bukoba, kwa hiyo uniwie radhi nikikupeleka nyuma. Ule Uamsho uliovuma kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 hadi ukafika kwetu, Kenya na Burundi, watu wengi wanautafuta mwanzo wake katika urafiki wa watu wawili. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Walikaa siku mbili na Biblia zao pale Namirembe. Mmoja wao alikuwa amekauka kama ulivyokauka wewe, naye hakuficha. Bibi alikuwa akisema kwamba nguvu ya mikutano yao ya ushirika ilikuwa kutembea katika nuru, yaani kusema mbele ya wenzako jinsi ulivyo, na alikuwa akiongeza, kwa sauti ya chini, kwamba siku watu walipoanza kumulika wengine badala ya kumulikwa wao, yeye alibaki nyumbani akachambua maharage yake. Nakusimulia hili kwa sababu vikundi vyetu vingi vya Alhamisi ni wajukuu wa mikutano ile, na kila kimoja kimerithi yote mawili.

Basi ufanyeje? Njia ya kwanza ni kufanya kama ulivyoambiwa, na sitakuambia kwamba njia hiyo haina faida yoyote, kwani itaweka amani nyumbani na kwenye kikundi, na huenda ukapata utulivu wa kusikia moyo wako mwenyewe bila sauti ya mwingine. Hatari zake unazijua kuliko mimi. Rehema ameshaondokewa na mtoto, kisha akapoteza mahali pa kusali, na wewe utakuwa wa tatu, tena utaondoka kwa jina la Mungu yule yule anayemwuliza maswali. Unaniuliza utamwambia sababu gani. Kama unaona huwezi kuitamka sababu hiyo ukimtazama usoni, hilo lenyewe ni jambo la kulitafakari kabla ya kufunga mzigo. Ipo hatari nyingine ambayo haimhusu yeye: ukiondoka na ukavu ukabaki pale pale, itakubidi utafute mtu mwingine wa kumlaumu. Na kwa upande wa fedha, mkopo wa kudhaminiana haukatwi kwa maombi, unamalizwa kwa mahesabu, kwa hiyo hata ukichagua njia hii, kaeni kwanza na daftari na mwenye fremu, na msifanye hivyo Desemba au Januari wakati mna sare za shule mezani.

Kubaki kama ulivyo ni njia pia, na ndiyo ambayo watu wengi huifuata kwa kutoamua. Hatari yake ni kwamba utaendelea kuishi maisha mawili, ya Alhamisi na ya siku nyingine, mume wako akikutazama kwa wasiwasi, na siku moja utakuta umeacha kusali bila kuamua kuacha, kama mtu aliyesinzia kwenye basi akapitiliza kituo.

Kati ya hizo mbili kuna nafasi pana kidogo, na ndiko ningependa utembee kwa muda kabla ya kuamua. Unaweza kumwambia Rehema kwamba maneno yake yanakuingia na kwamba kuna siku huna nguvu ya kuyabeba, mkakubaliana kuyaweka kando saa za kazi na kuyapa muda wake. Atakuelewa, maana yeye ndiye aliyekuambia usiache kwa sababu yake. Hatari ni kwamba anaweza kuhisi umemfunga mdomo kama wengine, kwa hiyo namna ya kusema ina uzito. Unaweza pia kumtafuta mtu wa tatu, mchungaji wako au mama mmoja mtu mzima asiyekuwa wa kikundi, umweleze hali yako mwenyewe kwanza bila kumtaja Rehema, uone unasikia nini unapojisikiliza ukisema. Lipo pia suala la msiba wenyewe. Miaka kadhaa ya kulibeba joho lile peke yake ni mirefu, na hospitali kubwa za mikoa huwa na maofisa wa ustawi wa jamii wanaojua kukaa na mtu aliyefiwa. Kumpeleka huko rafiki yako hakupingani na kumwombea. Ila safari hii mwulize kwanza kama anataka kupelekwa.

Kumbuka pia marafiki wa Ayubu, ambao huwa tunawasema vibaya kuliko wanavyostahili. Walipomwona hawakumtambua, wakalia, wakakaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, na hadi hapo walikuwa marafiki wema. Waliharibikiwa walipoanza kumweleza sababu. Mwishoni Mungu anawakemea wao waliomtetea, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika na kuuliza. Katika Injili ya Marko, yule mwenye kupooza analetwa na watu wanne wanaobomoa dari, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, wale waliobeba. Kuna majira ambayo mmoja anabebwa. Lakini anayebeba naye huchoka, na katika barua yako sikuona mtu aliyeshika pembe yoyote ya godoro lako wewe, ndiyo maana nimelikazia lile la mtu wa tatu.

Mume wako usimpite. Amesema ameona umebadilika, na hapo amesema kweli, ingawa samaki wake wanaoza kwenye tenga na binadamu ana njia zaidi ya hizo. Je, unajua anaogopa nini hasa? Inawezekana anaogopa kwamba utaacha kanisa, inawezekana anaogopa maneno ya watu, na inawezekana kwa muda mrefu amekuwa akimwona mke wake akirudi nyumbani na huzuni ambayo hakuruhusiwa kuishiriki. Hiyo ya mwisho ingetaka mazungumzo tofauti kabisa na yale ya kuhama fremu. Mwambie kuhusu ile nyumba unayoipigia hodi. Nadhani ana haki ya kulisikia hilo kabla ya mshauri wa kwenye karatasi.

Na Jumamosi, pasi ikishapata moto na majoho yakiwa yamerundikwa mezani, jaribu kubaki mpaka la mwisho badala ya kuja kuyachukua tu. Sikupi maneno ya kusema. Kama lile la siku ya mkutano wa maombezi litataka kutoka, liache litoke, na kama halitataka, kunja majoho pamoja naye. Niandikie baada ya msimu wa sare unieleze umefikia wapi, popote utakapokuwa umefikia.